Anzeni na Mkia wa Treni: Ushauri kwa Familia za Kisii na Nyamira

Kaunti za Kisii na Nyamira hazina reli. Mtoto anaweza kuzaliwa Keroka, akasomea Nyansiongo na kumaliza kidato cha nne Kisii mjini bila kusikia honi ya treni hata siku moja. Kwa hiyo familia au shule ya huku ikiamua kuwapeleka watoto kuona treni, safari hiyo hula pesa, hula siku mbili, na mara nyingi huhitaji jamaa wa kuwalaza usiku mmoja. Ni hasara safari ya namna hiyo kuishia kwenye picha tatu mbele ya injini na chupa ya soda. Ushauri wangu ni kwamba mwanze na mkia wa treni, yaani behewa la gadi. Tena msiwapeleke watoto peke yao. Mchukueni sokoro au magokoro mmoja, yaani babu au bibi, aliyewahi kusafiri kwa garimoshi enzi zake.

Wengi wetu tukiitaja treni humfikiria dereva. Lakini kwa miaka mingi mwenye dhamana ya treni nzima alikuwa gadi, naye alikaa nyuma. Dereva huona mbele. Treni ndefu ya mizigo ikipinda mlimani, hana njia ya kujua kama behewa la ishirini na tano limeachana na wenzake. Gadi ndiye aliyejua. Behewa lake lilikuwa na breki ya mkono, gurudumu la chuma alilolizungusha kwa nguvu zake zote ili treni ikikatika kwenye mwinuko, kipande cha nyuma kisiteremke kinyumenyume. Alikuwa na bendera mbili, ya kijani na nyekundu, na usiku taa ya rangi hizohizo. Alikuwa na filimbi, saa, na daftari alimoandika muda wa kufika na kuondoka kila stesheni.

Alikuwa pia na fataki za reli. Treni ikikwama njiani, gadi aliteremka, akarudi nyuma kwa miguu mwendo mrefu, akazifunga fataki juu ya reli. Treni nyingine ikija, magurudumu yangezikanyaga, zingelipuka, na dereva angejua kwamba lazima afunge breki. Waambieni watoto waifikirie kazi hiyo saa nane za usiku, mvua inanyesha katika msitu wa Mau, mtu yuko peke yake na taa mkononi.

Nyuma kabisa ya behewa hilo ilining'inia taa nyekundu. Kila treni ilipopita, msimamizi wa stesheni aliitafuta taa hiyo kwa macho. Akiiona, amejua treni imepita nzima na njia iliyo nyuma yake ni tupu. Asipoiona, kuna mabehewa yaliyobaki huko njiani, na hakuna treni nyingine inayoruhusiwa kuingia. Katika reli ambayo treni zinazokwenda na zinazorudi hutumia njia hiyohiyo moja, taa hiyo ilikuwa tofauti kati ya kufika na kugongana. Mtoto akilielewa jambo hili moja kabla ya safari, ataingia makumbusho akiwa na swali la kuuliza, na mtoto mwenye swali hachoki haraka.

Sasa, mahali pa kwenda. Makumbusho kamili ya reli yaliyo karibu nasi yako Nairobi, hatua chache kutoka stesheni kuu ya treni, upande wa Haile Selassie Avenue. Yalianzishwa mwaka 1971, wakati reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa bado shirika moja, na ndiyo sababu mtakutana na vitu vya nchi zote tatu. Magari ya Kisii kwenda Nairobi hupitia Bomet na Narok, au Kericho na Nakuru. Mkiwa na watoto wadogo, fikeni Nairobi siku moja kabla, mlale, kisha muingie makumbusho asubuhi. Mabehewa yako nje, chuma kinashika joto, na kufikia saa saba mchana ngazi na vishikio vinachoma viganja.

Nawaeleza wazi jambo moja ili msiwaahidi watoto kisichokuwapo: siku ya kawaida, injini na mabehewa ya makumbusho ya Nairobi yamesimama. Hamtapanda yakawapeleka mahali. Mtakachopata ni kuyazunguka, kupanda ngazi za yale yanayoruhusiwa, na kukaa ndani. Yasiyoruhusiwa huwa na sababu, aghalabu sakafu iliyooza au mlango usioshika, kwa hiyo mkikatazwa msibishane. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe gadi alikuwa akikaa wapi, aliona wapi, na breki yake ilikuwa wapi. Waongozaji huulizwa injini kila siku. Mkimuuliza habari za gadi, mtaona sura yake inabadilika na maelezo yanakuwa marefu.

Injini zenyewe msizipite. Iko injini ya mvuke ya aina ya Garratt, nambari 5918, iliyoitwa Mount Gelai kwa jina la mlima ulioko kaskazini mwa Tanzania. Ni ya daraja la 59, injini 34 zilizotengenezwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake unapita tani 250, na hakuna injini ya mvuke yenye nguvu zaidi iliyowahi kutengenezwa kwa reli ya upana wa mita moja. Wasimamisheni watoto kwenye pua yake, kisha tembeeni nao hadi mwisho wake, halafu waambieni waongeze msururu wa mabehewa ya mizigo kichwani mwao. Hapo ndipo wataelewa gadi alikuwa mbali kiasi gani na dereva, na kwa nini waliongea kwa filimbi, bendera na taa.

Lipo pia behewa la ukaguzi nambari 12. Usiku wa Juni mwaka 1900, behewa hilo liliegeshwa pembeni mwa stesheni ya Kima, katika nchi ya Ukambani, na ndani yake kulikuwa na wanaume watatu waliokuja kumvizia simba aliyekuwa akiwala watu. Aliyeshika zamu, ofisa wa polisi Charles Ryall, alishikwa na usingizi. Simba akaingia, behewa likalala upande kwa uzito wake, mlango wa kuteleza ukajifunga, na mnyama akatokea dirishani akiwa na Ryall mdomoni. Hii si hadithi ya kumsimulia mtoto wa miaka mitano atakayelala kwa shangazi yake mtaani Umoja, Nairobi, usiku huohuo. Kwa mtoto wa darasa la sita na kuendelea, isimulieni palepale, mbele ya mlango wenyewe, na msiiache ikawa hadithi ya simba na Mzungu tu. Reli hii ya kutoka Mombasa ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, pamoja na Waafrika waliofyeka, waliobeba na waliochimba, na Wahindi kama 2,500 walikufa kazini kabla haijafika Ziwa Victoria. Wengi wao hawana behewa lililohifadhiwa wala bango lenye majina yao. Mzazi ndiye wa kuwataja.

Kwa wale ambao Nairobi ni mbali au mfuko hauruhusu, kuna Kisumu. Kutoka Kisii mnapita Oyugis, Sondu na Ahero, na mnaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Hakuna makumbusho ya reli pale, lakini kuna kitu ambacho Nairobi haina: mwisho wa safari yenyewe. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi Mei 1899, na tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria. Stesheni ikaitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandikaji wa reli. Waambieni watoto na hili, maana walimu wengi hulisahau: siku ile reli inafika, Kisumu na nchi yote ya Abagusii vilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mpaka ulihamishwa mwaka 1902. Ndiyo sababu reli iliyo yote ndani ya Kenya ya leo ilikuwa ikiitwa Reli ya Uganda.

Mkifika Kisumu, nendeni kwanza ofisini kwa msimamizi wa stesheni, mjitambulishe na muombe ruhusa ya kuingia na ya kupiga picha. Reli ni mali inayolindwa, na simu zikitolewa kiholela mtafukuzwa kabla hamjaona lolote. Mkiruhusiwa, ombeni kuliona gati pia. Meli za ziwani zilikuwa za reli. Zilitia nanga Kendu Bay na Homa Bay, na mazao ya nyanda zetu yaliteremshwa hadi kwenye magati hayo, yakavuka maji hadi Kisumu, yakapakiwa kwenye mabehewa kwenda Mombasa. Kwa hiyo mtu wa Kisii asiseme reli haikumhusu. Ilianzia kwake kwa punda, kichwa na lori.

Hapo ndipo mzee wenu anapokuwa na thamani kuliko mwongozaji yeyote. Lakini mzee naye huandaliwa. Usimwamshe alfajiri ukamwambia twende. Kaa naye wiki moja kabla, jioni, mkiwa na chai, umuulize maswali madogomadogo: alisafiri kutoka stesheni ipi, alikuwa daraja la ngapi, alibeba nini, nani alimsindikiza, aliogopa nini. Ukimuuliza, "Sokoro, reli ilikuwaje zamani?" atakujibu kwamba ilikuwa nzuri, na mazungumzo yataishia hapo. Ukimuuliza usiku alikuwa akilala wapi ndani ya behewa na mizigo yake aliifunga na nini, utakesha ukisikiliza. Na kama kijijini kwenu yuko mzee aliyefanya kazi ya reli, awe gadi, fundi, karani au mtandika reli, huyo ombeni aje hata kama si wa ukoo wenu. Mlipieni nauli, chakula na malazi, na mbele ya watoto mpeni nafasi ya kuongea kabla ya mwongozaji.

Kuna treni ya abiria ya Nairobi na Kisumu iliyofufuliwa Desemba 2021 baada ya njia ya Nakuru hadi Kisumu, kama kilomita 217, kukarabatiwa. Kwa kawaida imekuwa ya usiku na haiendi kila siku. Ratiba hubadilika, na mvua kubwa ikibomoa tuta hakuna treni. Ulizeni stesheni kwa simu kabla ya kununua hata mkate wa njiani. Ikipatikana, mpango mzuri ni kwenda Nairobi kwa matatu, kuona makumbusho, kisha kurudi kwa treni hadi Kisumu. Kaeni behewa la nyuma mkiweza. Njia inapanda kutoka Nakuru hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, halafu inateremka kupitia Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Muhoroni hadi ziwani, ambako ni kama mita 1,130. Kuna madaraja marefu ya chuma kwenye mabonde, na kona zake ni kali kiasi kwamba kunapopambazuka, aliye nyuma humwona aliye mbele akipita upande wa pili wa dirisha. Mwambieni mtoto atazame nje kupitia kioo, kichwa na mikono vibaki ndani, kisha muulizeni: kama ungekuwa gadi, ungekuwa unatafuta nini huko mbele? Moshi kwenye gurudumu, mlango uliofunguka, mzigo ulioinama. Atakuwa ameielewa kazi nzima.

Niwageukie sasa ndugu zetu wa Minnesota, kwa sababu kule liko jambo ambalo hapa nyumbani halipatikani. Abagusii ni wengi katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, na kila mwaka wazazi kutoka Nyamira na Kisii huenda kule kuwatembelea watoto na kuwaona wajukuu. Wengi hufungiwa ndani ya nyumba miezi mitatu, televisheni na joto la mashine, mpaka wanaomba kurudishwa. Basi Saint Paul kuna Jackson Street Roundhouse, jengo la kutengenezea injini lililojengwa mwaka 1907 na kampuni ya reli ya Great Northern, na leo ni makumbusho. Pale, katika siku walizozitangaza, wageni hupandishwa behewa la gadi la zamani likavutwa taratibu kwenye reli za uwanjani. Safari ni fupi. Mpelekeni mama au baba hapo pamoja na wajukuu. Ni chache safari ninazozijua ambazo mzee wa miaka sabini na mtoto wa miaka sita wanaweza kwenda pamoja bila mmoja kumvumilia mwenzake.

Behewa la gadi la Kimarekani ni nyumba ndogo. Treni zao za mizigo zilisafiri siku na usiku, na wafanyakazi walipika, walikula na walilala humo. Tazameni jiko la chuma: limefungwa kwa bolti sakafuni, na juu lina ukingo ili sufuria isiteleze. Tazameni fito za kushikilia zinazopita darini. Mengi yana kibanda kilichoinuka juu ya paa, chenye madirisha pande zote, ambamo mfanyakazi alipanda kutazama treni yote mbele yake. Alikuwa akitafuta hasa moshi. Ekseli za zamani zilizunguka ndani ya visanduku vilivyojazwa vitambaa au nyuzi zilizoloweshwa mafuta. Mafuta yakikauka, chuma kilipata moto, ekseli ikakatika na treni ikaanguka. Katika miaka ya 1980 kampuni nyingi za Marekani ziliyaondoa mabehewa haya. Vyombo kando ya njia vikawa vinapima joto la ekseli, na mahali pa behewa la mwisho pakawekwa kisanduku chenye taa nyekundu inayowaka na kuzima, kinachompelekea dereva habari za breki kwa redio. Watu waliokuwa wakilala humo wakapunguzwa kazi. Jambo hili linafaa kuzungumzwa na kijana anayechagua kazi, na mzee aliyeshuhudia viwanda vya majani chai vikileta mashine za kuchumia atakuwa na mengi ya kuongeza.

Usalama wa kupanda behewa linalotembea unahitaji maneno machache makali. Mabehewa ya treni hayakushikamana kabisa. Kati ya kila mawili kuna nafasi ya sentimita chache kwenye kiungo, na injini ikianza kuvuta, nafasi hizo hukazwa moja baada ya nyingine hadi mkia upate mtikiso. Ikifunga breki, zinarudi kwa kusukumana. Magadi walivunjika mbavu na meno kwa sababu hiyo. Makumbusho huvuta behewa moja au mawili kwa mwendo wa pole, kwa hiyo mtikiso ni mdogo, lakini mzee mwenye magoti dhaifu anaweza kuanguka hata kwa huo. Aketi kabla ya filimbi na asiinuke mpaka behewa lisimame kabisa. Kwenye ngazi, mikono yote miwili ishike, mkoba abebewe na mwingine. Kushuka ashuke akitazama behewa, si akitazama watu wanaompiga picha. Ngazi ya kibanda cha juu ni nyembamba na wima: wajukuu wapande, wazee wabaki chini wakiambiwa kinachoonekana. Gurudumu la breki halichezewi, hata kama linaonekana limeshika kutu. Na kama mzee anatumia mkongojo au kiti cha magurudumu, pigeni simu mapema muulize kama kuna jukwaa la kupandia, kwa sababu sakafu ya behewa iko juu sana kutoka ardhini.

Kwa walimu wa shule zetu, ombi la kutembelea makumbusho liandikwe mapema, si wiki ya mwisho wa muhula ambapo mabasi ya nchi nzima yako Nairobi. Taja idadi ya wanafunzi, darasa lao, na mnachotaka kujifunza. Ukiandika kwamba darasa linajifunza jinsi treni ilivyolindwa kutoka nyuma, utapokewa na mtu aliyejiandaa. Wagawe watoto makundi ya watoto kumi kwa mtu mzima mmoja, kwa kuwa vijia kati ya mabehewa ni vyembamba na mtoto hupotea macho kwa dakika moja. Viatu vya kufunga, si ndara. Wapeni kazi ya kuchora, maana mtoto anayechora kiungo cha mabehewa hukitazama robo saa nzima, na anayekipiga picha hukitazama kwa sekunde mbili.

Mipango ya kurefusha reli mpya ya SGR kutoka Naivasha hadi Kisumu imekuwa ikiitaja Nyamira miongoni mwa kaunti itakazopita. Siku reli hiyo ikija, watoto wa leo ndio watakaoulizwa kuhusu mashamba, fidia, stesheni na ajira. Ningependa wawe wameshawahi kukaa ndani ya behewa na kusikia kutoka kwa mtu aliyeishi na reli ilimpa nini na ilimnyima nini.

Mkirudi, msikilizeni mzee tena ndani ya siku mbili tatu, kwa maana kumbukumbu alizozikuta kule bado ziko moto. Wekeni simu mezani irekodi, na mwanzoni mtaje tarehe, jina la anayeongea na kijiji chake. Mwacheni aongee Ekegusii akitaka. Mtoto mmoja aandike majina ya stesheni jinsi mzee anavyoyatamka, mwingine aandike majina ya watu. Kisha nakala ya sauti hiyo ihifadhiwe mahali pawili, katika simu ya mtu mzima na katika kompyuta ya shule au ya ndugu aliye mjini, na mzee asomewe yaliyoandikwa ili arekebishe kabla hayajasambazwa kwa ukoo.